Mzee Banting, mama yangu na maneno ya watu

Jioni moja ya mvua nilipanda daladala Kariakoo kwenda Mbagala. Gari lilijaa mpaka mlangoni, nikabahatika kupata siti ya nyuma. Konda akanitazama, akapaza sauti ili kila abiria asikie: "Wewe kibonge, jibane basi! Au leo unalipa nauli ya watu wawili?"

Gari zima likacheka. Na mimi nikacheka. Ungefanya nini? Lakini nilishuka vituo viwili kabla ya kituo changu, nikatembea kwenye mvua, na kabla sijafika nyumbani nikapitia kibandani na kuagiza chipsi mayai na soda baridi. Ndivyo nilivyomjibu konda.

Wakati huo nilikuwa na kilo 98 na umri wa miaka 26. Kazi yetu ya uandishi, wanaoijua wanaijua: asubuhi mkutano na waandishi wenye vitafunwa, mchana semina hotelini yenye bufee, usiku unasubiri ukurasa wako ufungwe huku unatafuna chochote kilichopo. Miezi michache baada ya safari ile nilienda kupima presha, daktari akaniambia bila kuzunguka kwamba imepanda, na kwamba nikipunguza uzito huenda nikaepuka kuanza dawa katika umri huu. Tukaweka lengo: kilo 80. Nikaanza.

Nilijiandaa kwa njaa. Nilijiandaa kutembea kwa miguu alfajiri. Sikujiandaa kabisa kwa maneno ya watu. Nilipokuwa mnene waliniita "bosi" na "kibonge", wengine wakasema nimenawiri, maisha yamenikubali. Nilipofika kilo 90 wakaanza kusema "umependeza, unatumia nini?" Nilipofika 86 maneno yakageuka: "Vipi, unaumwa?" "Kaka umekwisha!" "Shemeji hapiki?" Na mmoja, tuliyesoma naye chuo, alinivuta pembeni akaniuliza kwa sauti ya chini: "Umeshapima?"

Katika kipindi hicho ndipo nilipokutana na mzee mmoja wa Kiingereza aliyefariki mwaka 1878. Anaitwa William Banting. Nilikuwa natafuta kitu kingine kabisa kwa ajili ya makala ya gazeti, nikaangukia kijitabu chake, nikakisoma chote usiku ule ule. Naomba niwasimulie habari zake, kwa sababu tangu nimsome nayasikia maneno ya watu kwa namna nyingine.

Mtu wa majeneza

Banting alizaliwa London mwaka 1796. Familia yake ilifanya kazi ya kutengeneza majeneza na kusimamia mazishi, tena si ya watu wa kawaida. Ndio waliohusika na mazishi ya Mfalme George III mwaka 1820, ya Duke wa Wellington mwaka 1852, na ya Prince Albert, mume wa Malkia Victoria, mwaka 1861. Kwa hiyo tunazungumzia mtu mwenye heshima zake na fedha zake.

Tatizo lake lilikuwa tumbo. Anaeleza kwamba kwao hakukuwa na mtu mnene, si upande wa baba wala wa mama, na tangu utotoni aliuogopa unene kuliko kitu chochote. Alipokuwa kati ya miaka 30 na 40 akaona mwili unaanza kuongezeka, akaenda kwa daktari bingwa. Daktari akamshauri afanye mazoezi. Banting alikuwa na mtumbwi imara, akawa anapiga makasia mtoni kila alfajiri kabla ya kazi. Misuli ikapata nguvu kweli, lakini njaa nayo ikapata nguvu! Akawa anakula kupita kiasi, akazidi kunenepa, mpaka akashauriwa aache.

Hiyo ni kama miaka 30 kabla ya mafanikio yake. Katikati hapo alijaribu kila alichoambiwa: kupanda farasi, hewa ya baharini, maji ya chemchemi za tiba, dawa za kunywa chungu nzima. Bafu za Kituruki zilipokuwa fasheni akaenda kuoga kama mara 50, akapungua chini ya kilo 3. Ilipofika Agosti 1862, akiwa anakaribia miaka 66, alikuwa na kilo 91 na nusu kwa urefu wa sentimita 165 tu. Alishindwa kuinama kufunga kamba za viatu. Ngazi alikuwa anashuka kinyumenyume, taratibu, ili kuyaonea huruma magoti yake.

Lakini kilichonishika mimi ni ukurasa anaozungumzia watu. Anasema mtu mnene hawezi kujifanya hasikii kejeli za watu wakatili na wasio na busara, iwe kwenye mikusanyiko, barabarani, au ndani ya vyombo vya usafiri vya umma. Vyombo vya usafiri, jamani! London ya wakati huo ilikuwa na mabasi ya kukokotwa na farasi, na ndani yake kulikuwa na watu wa aina ya konda wangu wa Mbagala. Anaendelea kusema kwamba yeye si mtu wa kujali sana maneno, hata hivyo alijikuta anakwepa sehemu zenye watu na nafasi finyu, na kwa kukwepa huko akakosa mambo mengi ambayo yangemfaa kiafya na kimaisha.

Soma tena hapo. Mzee anayezika wafalme, mtu mzima na wajukuu wake, anakiri hadharani kwamba maneno ya watu yalimfungia ndani. Nikakumbuka vituo vyangu viwili kwenye mvua.

Daktari wa masikio

Aliyemsaidia alikuwa daktari wa masikio. Banting alikuwa anaanza kupoteza usikivu, na daktari aliyekuwa akimtibu alipokuwa likizo, akaenda kwa mwingine anayeitwa William Harvey. Huyu Harvey alikuwa amesikiliza mihadhara ya mwanasayansi Claude Bernard mjini Paris kuhusu kisukari na kazi ya ini, akaanza kufikiri juu ya uhusiano wa vyakula vya sukari na wanga na unene. Akamwambia Banting kwamba mafuta ya mwilini huenda ndiyo yanayobana masikio yake, na akampa orodha ya vitu vya kuacha: mkate, siagi, maziwa, sukari, bia na viazi.

Badala yake akala nyama, samaki, mboga za majani, kipande kidogo cha tosti kavu na matunda. Na, msishangae, glasi mbili tatu za mvinyo mchana na nyingine usiku. Simshauri mtu afuate orodha hiyo leo. Mimi mwenyewe daktari wangu alinipa ya kwangu na haina mvinyo. Ninachotaka mkione ni daftari lake. Banting alipima uzito na kuandika tarehe na kiasi. Septemba 1863, baada ya mwaka mmoja na wiki mbili hivi, alikuwa amefika kilo 71. Kilo 21 zimeondoka, na kiuno kimepungua sentimita 31. Akaanza kushuka ngazi kama watu wengine, uso mbele.

Hata kabla mwaka haujaisha, alikuwa ameshafanya jambo ambalo mtu anayeogopa maneno ya watu hafanyi. Mei 1863 alichapa kijitabu kiitwacho Letter on Corpulence, yaani barua kuhusu unene, akiuandikia umma. Matoleo mawili ya kwanza aliyagawa bure, kwa gharama zake. Toleo la tatu ndilo lililouzwa, kwa shilingi moja ya Kiingereza, na faida akaitoa kwa hisani. Mpaka kufikia toleo la nne mwaka 1869, nakala zaidi ya 60,000 zilikuwa zimeuzwa.

Walimwacha? Hawakumwacha

Kama unadhani baada ya hapo watu walimwacha apumzike, bado hujawajua watu. Mwaka 1864 jarida la vichekesho la Punch likamfanya mzaha wa kila mara. Jarida la Blackwood's likamwandikia makala ndefu ya kejeli. Jarida la madaktari, The Lancet, nalo likamshauri yeye na wenzake wa aina yake waachane na maandishi ya tiba na washike shughuli zao. Maana yake, mzee, rudi kwenye majeneza.

Kwa hiyo hesabu ilikuwa hivi: akiwa mnene walimcheka kwa unene. Alipopungua walimcheka kwa kupungua. Alipoeleza alivyopungua walimcheka kwa kueleza. Katikati ya kicheko hicho hicho barua zikawa zinamiminika nyumbani kwake, watu wakimwomba msaada.

Alifanyaje? Nimejaribu kuyapanga aliyoyafanya, maana ndicho nilichokuwa nakitafuta.

Kwanza, hakubishana na mzaha. Kwenye matoleo yaliyofuata aliongeza tarakimu zake na ushuhuda wa watu wengine waliojaribu. Anayetaka kucheka acheke, lakini tarakimu zipo.

Pili, waliosema hakumlipa fadhila daktari wake kwa kutomtaja, hao aliwasikiliza. Katika matoleo ya baadaye akamtaja Harvey kwa jina na mahali anapopatikana. Lilikuwa neno la haki, akalifanyia kazi.

Tatu, waliomwandikia kwa shida zao aliwajibu. Hawa hakuwaweka kapu moja na Punch.

Lakini nisimfanye malaika. Banting aliuita unene kimelea, mdudu anayemnyonya binadamu, na lugha hiyo ilimpa kila mtu fimbo mpya. Jina lake likageuka kuwa kitenzi. Waingereza wakawa wanasema mtu "anabanti", kwa maana ya kujinyima chakula, na wengi walilisema kwa dhihaka. Kwa Kiswidi neno hilo lipo mpaka leo: banta, kupunguza uzito kwa kula kidogo. Mtu aliyeumizwa na midomo ya watu, jina lake likaishia kwenye midomo hiyo hiyo.

Neno letu sisi

Sasa nirudi nyumbani, na nina sababu. The Lancet, jarida lile lile lililomwambia Banting ashike shughuli zake, mwaka 1985 lilichapisha makala ya madaktari kuhusu ugonjwa mpya nchini Uganda. Wagonjwa walikuwa wanaharisha, wana homa, na wanakonda mpaka mifupa. Watu wa Rakai walikuwa wameupa jina la Kiingereza lililoelezea kile walichokiona: Slim, mwembamba. Leo tunauita UKIMWI.

Rakai inapakana na mkoa wetu wa Kagera. Huku Tanzania wagonjwa watatu wa kwanza waligundulika Kagera mwaka 1983, na kabla jina la UKIMWI halijazoeleka watu wa huko waliuita Juliana, jina la vitambaa vilivyokuwa fasheni wakati huo vikitokea ng'ambo ya mpaka. Mimi ni mtoto wa Bukoba. Sikuziona siku hizo, nilizaliwa baadaye. Lakini nimekulia katika nyumba iliyoziona.

Katika miaka ile hapakuwa na kipimo cha haraka kila zahanati, wala dawa. Kipimo cha mtaani kilikuwa jicho. Mtu akipungua, watu wanajua, au wanadhani wanajua. Shati likilegea mabegani, mkanda ukiongezwa tundu, majirani wanaanza kuhesabu miezi. Hapo ndipo "umekonda" ilipoacha kuwa neno la kawaida na kuwa hukumu. Na kitambi, ambacho tangu zamani kilikuwa dalili ya fedha, kikapata kazi ya pili: kikawa cheti cha afya. Ukiwa nacho, huna Slim.

Dawa za kufubaza virusi zilianza kutolewa bure nchini mwaka 2004. Leo mtu anayeishi na virusi na kutumia dawa zake vizuri anaweza kuwa na mwili kuliko mimi na wewe, na kuishi miaka mingi. Kwa hiyo kile kipimo cha jicho, ambacho hata zamani kilikosea wengi, sasa hakina maana yoyote. Lakini neno halikufa. Rafiki yangu wa chuo aliponivuta pembeni na kuniuliza kama nimeshapima, hakuwa akizungumzia kilo zangu 86. Alikuwa akizungumza kwa mdomo wa mwaka 1985.

Mama

Desemba nilienda Bukoba. Mama alikuwa hajaniona kwa miezi kumi. Nilikuwa nimefika kilo 84, najisikia mwepesi, najisifu kimoyomoyo, nasubiri aseme nimependeza.

Mama alinipokea begi, akaliweka chini. Kisha akanishika mkono, akauzungusha kwa vidole vyake hapa kwenye kifundo, kama anapima. Hakusema kitu. Akaenda jikoni.

Jioni alipika ndizi na maharage, akanijazia sahani. Nikala nusu. Akaitazama sahani. Majirani wakaja kunisalimia, wakauliza habari za Dar, wakaaga mapema. Hakuna aliyesema nimekonda. Hata mmoja! Mjini wangenitania hadi basi. Bukoba walinyamaza, na mimi nikajua wanachokinyamazia.

Usiku, tukiwa wawili, mama akasema: "Mwanangu, kama kuna jambo, mimi ni mama yako. Sitakimbia."

Nilikasirika, niseme ukweli. Nilitaka kumwambia, mama, hata wewe? Nimetembea alfajiri mwaka mzima, nimeacha soda, nimeacha chipsi, presha imeshuka, na wewe unaniona maiti? Maneno yalifika kooni. Kisha nikakumbuka picha iliyoko pale sebuleni, ya mjomba, mdogo wake mama, aliyefariki mwaka 1991. Mama ndiye aliyemuuguza. Ninajua kwamba alikuwa anamwosha kila asubuhi. Vidole vile vilivyozunguka mkono wangu viliwahi kuzunguka mkono mwingine, vikahesabu jinsi unavyopungua, miezi mingapi sijui.

Konda wa Mbagala na mama yangu walikuwa wameniambia kitu kile kile: mwili wako tumeuona. Lakini konda alitaka kicheko cha abiria. Mama alikuwa anaogopa kuzika tena.

Nikaenda kwenye begi nikatoa daftari. Maana baada ya kumsoma yule mzee nami nilianza kuandika, kila Jumamosi asubuhi, tarehe na kilo. Nikamwonyesha mstari kwa mstari: 98, 97, 97, 96. Nikamwonyesha wiki nilizopanda badala ya kushuka, hasa zile za baada ya kusifiwa sana, maana mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Nikamweleza habari za presha na daktari. Mama alisikiliza, akauliza: "Na kupima umepima?"

Nikasema bado. Kesho yake asubuhi tulienda pamoja, yeye akakaa nje kwenye benchi. Majibu yangu yalikuwa salama. Lakini nilichojifunza hakikutegemea majibu hayo. Kama yangekuwa mengine, ningeanza dawa na daftari lingeendelea. Nilimpa mama jibu la swali lake, badala ya kumgombeza kwa kuuliza.

Tangu siku hiyo, mtu akiniambia neno kuhusu mwili wangu, najiuliza kwanza: huyu anaongea kutoka wapi? Kama anataka kicheko, nampa tabasamu na kushuka kituo changu, si kabla. Kama anasema kwa ujuzi, mfano nesi aliyeniambia napunguza haraka mno mwezi wa tatu, namtii. Kama anaongea kwa hofu, nakaa chini namweleza. Banting alipoteza miaka mingi akiyakwepa maneno yote kwa pamoja, mabaya na mema. Alipoanza kuyatenganisha alikuwa mzee wa miaka 66. Mimi sina muda huo, na presha haisubiri.

Leo nina kilo 82. Zimebaki mbili, na hizi za mwisho ni kaidi kama daladala ya saa kumi na mbili jioni. Mama anapiga simu kila Jumamosi. Zamani alikuwa anaanza na salamu. Siku hizi anaanza hivi: "Haya, soma. Yule mzungu wako wa majeneza leo anasemaje?"

Namsomea tarakimu. Halafu ananiuliza nimekula nini.